Mwalimu, Nimebanwa

Kilichonimaliza ni kalamu. Mpaka hapo nilikuwa nimekaa kimya kwenye kiti cha wageni ofisini kwa mwalimu mkuu, mkoba mapajani, nimeshamwamkia kila aliyestahili shikamoo, nasubiri mtu mmoja tu kati yao aniulize mtoto anaendeleaje. Binti yangu wa miaka saba, wa darasa la pili, alikuwa ametoka hospitali jana yake. Siku tatu nyuma nusura afe kwa pumu nyuma ya vyoo vya shule hiyohiyo. Hakuna aliyeuliza. Mwalimu mkuu alifungua droo, akatoa karatasi iliyochapwa na kugongwa muhuri kabisa, akaisogeza mbele yangu na kuiwekea kalamu juu.

"Saini hapo chini, mama, tuyamalize."

Nikasoma. "Mimi mzazi wa mwanafunzi tajwa hapo juu nakiri kuvunja kabati la walimu, mali ya shule, na kutoa lugha isiyo ya staha mbele ya wanafunzi. Naahidi kutorudia." Nikarudia kusoma nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba kuna mtoto aliumwa. Hapakuwepo. Kwenye karatasi nzima aliyeumia ni kabati.

"Mbona hamjaandika nimelivunja kwa nini?"

"Hayo ni maelezo, mama. Hapa tunakiri tu."

Mwalimu wa darasa lake alikuwa amesimama dirishani. Ni binti wa rika langu, huwa tunasalimiana vizuri tu sokoni. Akasema, "Na mimi niseme ukweli, mama, usinichukie. Mtoto aliniambia amebanwa. Sasa mtu akikwambia amebanwa, wewe unaelewaje? Si anataka kwenda chooni?"

Mwalimu mwingine aliyekuwa anasahihisha madaftari pembeni akacheka. Alijitahidi kuzuia, akajiziba mdomo kwa daftari, lakini alicheka.

Nikasimama. Nikaikunja ile karatasi mara nne, nikaitia kwenye mkoba.

"Mama, hiyo ni nyaraka ya ofisi."

"Na mwanangu Jumanne alikuwa nyaraka ya nani?"

Nikatoka. Nilisikia mwalimu mkuu akisema huyu mama ana matatizo. Ni kweli, ninayo. Ninayaandika hapa yote, na ya kwangu mwenyewe yamo, maana siyo kila kosa ni la shule na sitaki nionekane malaika.

Mwanangu alibanwa mara ya kwanza Matombo, kwa mama yangu, akiwa na miaka mitatu. Ilikuwa masika. Kuni zimelowa, mvua haikatiki, na jiko la mama la mafiga liko ndani, kwa hiyo asubuhi ukiamka unaukuta moshi umeshatanda mpaka usawa wa kiuno. Watu wazima tulikuwa tunapita tumeinama. Mtoto alianza na kikohozi kikavu, kidogokidogo. Kufika saa nne asubuhi kifua kinapiga mluzi, kishimo cha shingoni kinadidimia kila akivuta pumzi, na mbavu zinaonekana moja moja kama za mbuzi wa kiangazi.

"Kifua hicho," mama akasema. "Watoto wa mjini hawajazoea baridi." Akamchua kwa mafuta, akampa tangawizi na karafuu. Nilipomwambia tumtoe kwenye moshi akakasirika. "Moshi huu umemuua nani? Nyie wote mmekulia humu."

Baadaye sana, nilipomuuliza vizuri, alikumbuka kwamba mdogo wake wa kiume alifariki kijana. Alifariki na nini? "Kifua kilimkaba." Ndivyo ilivyosemwa, akazikwa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Kwetu mtu anakuwa na kifua kama vile wengine hawana.

Siku ile tulimbeba mpaka zahanati, akapewa mvuke, akapona. Tukaambiwa ni pumu. Tuliporudi nyumbani kwetu Bigwa tukaandikiwa inhela, kile kidude cha kupulizia mdomoni. Mama yangu akapiga simu. "Usimzoeshe hicho. Akizoea hataachana nacho mpaka uzeeni. Na mapafu yatakuwa mavivu."

Nikamsikiliza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza na naliandika bila kulipaka sukari. Niliificha inhela juu ya kabati la vyombo kwa miezi mingi, nikawa naitoa pale tu mtoto anapokuwa taabani, na nikimpulizia mara moja narudisha haraka kama mwizi. Ile nyingine niliyoandikiwa ya kila siku sikuwa natumia kabisa. Niliona dawa gani hiyo ya kumpa mtoto mzima? Matokeo yake alilazwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja wa makamo, mkali, wa wodi ya watoto. Nilipomwambia naogopa mtoto atazoea, akaniuliza.

"Wewe mama, kinachomuua mtu mwenye pumu ni nini, dawa au kukosa dawa?"

"Kukosa."

"Mtu anayevaa miwani utamwambia avue asije akazoea kuona?"

Nilitaka kucheka na kulia. Akachukua kipande cha karatasi, akachora mrija. Akasema mapafuni kuna mirija mingi midogo, na kwa mtu mwenye pumu hiyo mirija ina hasira ya karibu. Ikikutana na vumbi, moshi, baridi, mafua, hata kicheko kirefu, misuli yake inajikaza, ndani panavimba, ute unajaa. Hewa inaingia kwa shida na kutoka inatoka kwa shida zaidi. Ndiyo maana mtoto anapiga mluzi akitoa pumzi. "Na siku ukisikia mluzi umenyamaza na mtoto bado anahangaika, usishukuru Mungu. Hapo hewa haipiti kabisa. Kimbia."

Akanifundisha kwamba ile dawa ya kila siku inatuliza hasira ya mirija, mtoto anaipata hata akiwa anaruka kamba. Ile ya bluu ndiyo ya wakati wa kubanwa. Akanitengenezea chupa. Alichukua chupa ya maji ya nusu lita, tupu, akatoboa tundu kwenye kitako kwa chuma cha moto, tundu la umbo la mdomo wa inhela, akachomeka inhela ikabana. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, wewe unabonyeza kule nyuma, dawa inabaki humo anaivuta taratibu. Bila hivyo, alisema, mtoto mdogo dawa yote inaishia ulimini.

Akanisimamisha nirudie kama niko darasani. Mkalishe wima, ainame mbele kidogo, usimlaze. Legeza nguo. Watu wasimzunguke. Tikisa dawa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi mara tano au sita ndani ya chupa, subiri kama dakika moja, rudia. Mpaka mara kumi. Asipopata nafuu, au hawezi kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi, unakwenda hospitali na njiani unaendelea kumpa. "Na wewe mwenyewe usipige kelele. Anakutazama usoni kujua kama anakufa."

Hayo niliyashika. Yaliyonishinda ni ya neno.

Mtaani kwetu ukisema mtoto ana pumu, watu wanavuta watoto wao. Nimeona kwa macho yangu jirani akimnyang'anya mwanangu kikombe na kukisuuza kwa maji ya moto, eti inaambukiza. Haiambukizi. Nilimwambia, akaniambia sawa, na kikombe akaendelea kukisuuza. Basi nikaona aibu. Nikaamua nyumbani kwangu neno pumu halitajwi. Nikawa namuuliza mtoto, "Umebanwa?" na yeye anajibu, "Nimebanwa kidogo," au "Nimebanwa sana," na sisi wawili tunaelewana. Likawa neno letu. Alikuwa na miaka minne alipolizoea. Mimi ndiye niliyempa.

Alipoanza shule nilipeleka vitu vitatu: inhela ya bluu, chupa yenye tundu, na karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, hatua zote za yule muuguzi. Niliandika pia kwamba asifagie uwanja asubuhi. Shule zetu watoto wanafagia uwanja kabla ya mstari, kila mmoja na fagio lake, na kiangazi udongo wa huku ni vumbi jekundu linalopanda mpaka unashindwa kuona bendera. Mwalimu wa afya alipokea.

"Na hii chupa, mama, ya maji?"

Nikamweleza. Akaigeuza, akaangalia tundu. "Haya. Dawa zote zinakaa kabatini."

"Naomba akae nayo mwenyewe mwalimu, kwenye begi. Anajua kuitumia."

"Utaratibu hauruhusu. Watachezea. Kabati nafunga mimi, ufunguo nao mimi, usiwe na wasiwasi."

Nilikuwa na wasiwasi. Lakini nikasema asante mwalimu, nikaondoka. Kosa langu la pili hilo. Nimelelewa kutobishana na walimu, na kidato cha nne nilichomaliza hakikunifundisha tofauti.

Jumanne ile alifagia. Kiranja wa zamu alimwambia mgonjwa gani anacheza kombolela, akampa fagio. Kona moja wakawa wanachoma majani makavu waliyoyakusanya. Haya yote amenisimulia mwanangu kitandani hospitalini, vipandevipande, kwa hiyo nayaandika kama alivyonipa.

Kipindi cha pili, hesabu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nimebanwa."

"Subiri kengele."

Akasubiri. Akanyoosha tena. "Mwalimu, nimebanwa sana."

"Nyie kila mkiona hesabu za kutoa mnabanwa. Mngekuwa mnabanwa na ubwabwa pia tungeelewa." Darasa likacheka. Siwezi kumlaumu kwa utani, mimi pia ningecheka. Kisha mwalimu akamhurumia, akamwambia haya nenda, na urudi haraka.

Mwanangu akaenda chooni. Alitumwa chooni na mwalimu, akaenda. Nilimuuliza kwa nini hakusema mwalimu siyo choo, ni kifua? Akaniambia, "Nilikuwa nimebanwa, mama." Alikuwa hana pumzi ya kueleza maana ya neno. Sentensi mbili zilikuwa nyingi kwake. Akapita vyoo, akakaa nyuma ya ukuta, kwenye kivuli, akaanza kufanya nilivyomfundisha: kukaa wima, kuinama mbele kidogo, mikono magotini. Kila kitu alikifanya sawasawa. Dawa ndiyo hakuwa nayo.

Aliyemwona ni mama muuza mihogo ya kukaanga, anayekaa nje ya uzio upande ule. Alidhani mtoto anatapika. Alipoona mabega yanapanda na kushuka akapiga kelele walimu waje, kisha akanipigia mimi, kwa sababu namba yangu anayo, mimi ni fundi cherehani na nilikuwa namshonea sare za kikundi chao.

"Mwanao anahema vibaya. Njoo sasa hivi."

Nilipanda bodaboda moja kwa moja mpaka shule. Nyumbani kulikuwa na inhela nyingine na ingenichukua dakika chache kuipitia. Sikuipitia. Nilijiambia shuleni ipo moja, hakuna haja. Hilo la tatu.

Nilimkuta barazani. Wamemlaza chali juu ya benchi, miguu imeinuliwa juu ya begi, kama aliyezimia. Watoto wamemzunguka tabaka tatu. Mwalimu mmoja anampepea kwa daftari, mwingine amemshikia kikombe cha maji mdomoni, anamwambia kunywa, kunywa upone. Mtu mzima mmoja nisiyemjua alikuwa anakemea mapepo. Midomo ya mwanangu ilikuwa ya kijivu. Na kifua kilikuwa kimya. Ule mluzi haukuwepo.

Nikamnyanyua nikamkalisha mapajani, mgongo wake kifuani kwangu, nikamfungua vifungo. "Dawa yake iko wapi?"

"Kabatini."

"Ileteni."

Wakatazamana. Mwalimu wa afya alikuwa amekwenda semina mjini, na ufunguo alikuwa nao.

"Mpigieni."

"Tumempigia, mama, hapokei. Yuko kwenye semina."

"Basi vunjeni."

Hapo ndipo mwalimu mkuu alipoyasema yale maneno ambayo nitayasikia mpaka nakufa. Hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kwa unyonge, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya sheria. "Mama, hiyo ni mali ya umma. Haivunjwi hivihivi, lazima kuwe na mashahidi."

Nikamkabidhi mtoto kwa mama muuza mihogo, aliyekuwa ameshazunguka na kuingia getini, nikamwambia mshike wima hivi hivi. Nikachukua tofali kwenye bustani ya maua. Kabati lenyewe ni la mbao, kitasa kidogo tu. Nililipiga mara nne. Lugha isiyo ya staha ninaikubali, niliitoa, na iliyobaki ninayo.

Inhela niliikuta nyuma ya boksi la chaki. Chupa haikuwepo. Baadaye niliambiwa ilitupwa siku nyingi, mtu alifanya usafi akaona chupa ya maji iliyotoboka, akaona takataka. Karatasi yangu ilikuwepo. Ilikuwa imetandikwa chini ya boksi la chaki.

Mezani kwa mwalimu mkuu kulikuwa na chupa ya maji imebaki nusu. Nikayamwaga sakafuni. Mama wa mihogo akatoboa kitako kwa kisu chake cha kumenyea, tundu baya, limekaa upande, likatosha. Tikisa, bonyeza. Mwanangu alikuwa anaivuta nusu nusu. Nikasubiri, nikarudia. Niliwaambia watoto warudi madarasani, hawakusikia, mama wa mihogo akawafukuza kwa kanga kama kuku. Ya nne, ya tano. Nilikuwa natabasamu. Nilikuwa namtabasamia mwanangu usoni huku meno yanagongana, kwa sababu niliambiwa ananitazama kujua kama anakufa. Ya saba nikausikia mluzi, mwembamba, umerudi. Sijawahi kusikia sauti mbaya nikaipenda vile. Ya kumi bado hawezi kusema. Tukapanda bodaboda, yeye katikati, na njiani nikaendelea.

Hospitali walimweka oksijeni, mashine ya mvuke, na dawa ya kupunguza uvimbe. Tulilala hapo siku mbili. Daktari alisema tumefika kwa wakati, akasema kwa sauti ya kawaida tu kama mtu anayesema leo kuna jua.

Watu wananiambia nishukuru. Nashukuru. Lakini wanaoniambia hivyo hawakai na mtoto wangu. Tangu arudi hajasema tena kwamba amebanwa. Ninamsikia kifua asubuhi, naona bega linavyopanda, namuuliza, ananijibu "Nipo sawa, mama." Nimemwambia mara nyingi, sasa useme pumu, useme siwezi kupumua, useme nataka dawa yangu. Anaitikia ndiyo. Halafu juzi nikamkuta amejificha nyuma ya mlango anahema, ameshika magoti, anajitahidi asisikike. Nilimuuliza kwa nini hukuniita? Akasema, "Hawataki."

"Kina nani hawataki?"

"Watu."

Mimi ndiye niliyemfundisha kwanza kwamba watu hawataki.

Mama yangu alipiga simu kutoka Matombo, akalia, kisha akasema nimrudishe kwake mlimani kwenye hewa safi, na kile cha kupuliza nikitupe. Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kukawekwa ujumbe: "Wazazi tunaombwa kuheshimu mali ya shule na kufuata utaratibu." Hakuna jina, ila wote walijua. Chini yake wazazi kumi na kitu wakaweka mikono ya kuomba. Mmoja akaandika kwamba watoto wagonjwa wapelekwe shule maalumu. Nilikaa na simu mkononi, naandika, nafuta. Mwisho nikatoka kwenye kundi.

Ukweli ni kwamba sina imani. Kabati litatengenezwa, litapata kufuli kubwa zaidi. Mwalimu wa darasa siyo mtu mbaya, wala mwalimu mkuu, na hilo ndilo linalonikatisha tamaa. Ningekuwa na mtu mbaya ningejua pa kupiga. Nina watu wema wanaofuata utaratibu, na mtoto mmoja asiyeweza kumaliza sentensi.

Lakini ile karatasi waliyotaka nisaini nilikuwa nayo. Nikakaa kwenye cherehani, nikaigeuza, nikaanza kuandika rasimu ya barua kwa nyuma. Nikainakili safi. Jumatatu nikaipeleka ofisi ya elimu mwenyewe, kwa mkono. Dada wa mapokezi aliisoma mistari miwili.

"Mama, haya si mngemalizana hukohuko shuleni?"

"Walitaka kuyamaliza. Ndiyo nimeambatisha walivyotaka."

"Haya, acha hapo."

"Siachi. Nigongee muhuri na nakala yangu."

Akanigongea, kwa hasira, muhuri umekaa shaghalabaghala. Nakala ninayo. Imeandikwa hivi:

Kwa Afisa Elimu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU DAWA YA MWANAFUNZI KUFUNGIWA KABATINI NA KUCHELEWESHWA WAKATI WA SHAMBULIO LA PUMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa kike wa darasa la pili. Mwanangu ana pumu. Shule ilijua tangu siku ya kwanza, nilipeleka dawa, kifaa cha kuvutia dawa na maelezo ya maandishi, vikapokelewa.

Nalalamika kwamba dawa ya dharura ilifungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo hakuwepo. Kwamba kifaa chake kilitupwa na sikuarifiwa. Kwamba alifagishwa vumbi kinyume cha maelezo yangu. Kwamba alipoomba msaada mara mbili alielekezwa chooni, peke yake, na hakufuatwa. Kwamba alilazwa chali na kunyweshwa maji wakati hapumui. Kwamba nilipoomba kabati livunjwe niliambiwa lazima kuwe na mashahidi.

Mwalimu wa darasa hakumwelewa mtoto, na kwa hilo sehemu ya lawama ni yangu, kwa kuwa sikumfundisha mtoto kuutaja ugonjwa wake. Naomba asiadhibiwe kwa kutoelewa neno. Naomba afundishwe, yeye na wenzake wote, dalili za mtoto aliyekosa pumzi na nini cha kufanya. Muuguzi anaweza kuwafundisha kwa saa moja. Mimi nilifundishwa kwa muda mfupi kuliko huo.

Kabati nililivunja. Sitasaini karatasi inayosema hivyo bila kusema sababu. Nakala yake nimeiambatisha.

Naomba ofisi yako iagize kwa maandishi kwamba mwanafunzi mwenye pumu aruhusiwe kukaa na dawa yake mwenyewe, darasani na uwanjani, na kwamba asifagie wala kukaa karibu na moto wa taka. Sijui kama kuna shule nyingine zenye kabati la namna hii. Naamini zipo.

Mwanangu yuko nyumbani tangu siku hiyo. Najua sheria inanitaka nimpeleke shule, na kama nitachukuliwa hatua kwa kutompeleka, naomba barua hii iwekwe kwenye jalada hilohilo. Sitamrudisha mpaka nipate jibu. Naomba lije kwa maandishi, maana kwa mdomo nimeshajibiwa vya kutosha.

Mzazi, darasa la pili.